Kabla ya Kuulizia Hoteli, Ulizia Mwezi

Mtu wa Dodoma, Kampala au Nairobi akipanga likizo ya pwani, swali lake la kwanza huwa ni bei ya chumba. La pili huwa ni kama hoteli ina bwawa la kuogelea, kwa ajili ya watoto. Tarehe haulizi, kwa sababu tarehe ameshapangiwa na shule, na mwajiri, na mwisho wa mwezi mshahara unapoingia. Basi familia inafunga safari ndefu, inalipa nauli ya watu watano, inafika ufukweni saa nne asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na inakuta bahari imeondoka. Mbele yao kuna mchanga mtupu, madimbwi ya maji ya vuguvugu na mstari mweupe wa mawimbi kule mbali kwenye mwamba.

Hakuna aliyewadanganya. Picha ya tangazo ilipigwa maji yakiwa yamejaa.

Hoja ya makala haya ni kwamba likizo ya nchi za joto, na hasa ya pwani ya Afrika Mashariki, hupangwa kwa kuanza na tarehe. Hoteli hufuata baadaye. Mtalii wa Italia au Poland analijua hilo kuliko jirani wa bara, kwa sababu yeye anakuja mahali asipopajua na amesoma kabla ya kupanda ndege: miezi ya mvua, ufukwe unaofaa kuogelea, chanjo anayotakiwa kuwa nayo. Mwenyeji wa ukanda huu anaiona pwani kuwa ni nyumbani, na nyumbani mtu haulizi. Ndiyo maana mara nyingi yeye anayeishi karibu ndiye anayepata likizo mbovu zaidi kwa fedha alizotoa kwa jasho zaidi.

Tuanze na mvua. Masika huanza Machi na kuisha Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, nyepesi zaidi, na jua hujitokeza katikati ya manyunyu. Mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Zanzibar ni Aprili. Mombasa ni Mei. Sasa tazama ratiba za watu. Shule za Kenya hufunga muhula wa kwanza Aprili. Pasaka nayo haitoki nje ya Machi 22 na Aprili 25. Maana yake ni kwamba likizo mbili zinazowashusha watu wengi wa bara kwenda Mombasa, Diani na Unguja zinaangukia palepale mvua inapokaza. Bei za vyumba hushuka miezi hiyo, na baadhi ya hoteli za Unguja hufunga kabisa ili kukarabati. Anayeona tangazo la nusu bei mwezi wa Aprili hana budi kujua analipia nini.

Hata hivyo masika si ya kukimbiwa na kila mtu. Kwa anayetaka kulala, kusoma kitabu, kula samaki na kutembea polepole kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Aprili ni mwezi mzuri: wageni wachache, wauza duka wana muda wa kuzungumza, na mvua hupiga saa chache kisha hutulia. Anayetaka boti, visiwa na kupiga mbizi ndiye atakayejuta. Na bahari ya miezi hiyo haitaniwi. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania kikiwa na upepo mkali na mvua kubwa, na kisiwa cha Mafia kilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokumbwa. Aliyekuwa na tiketi ya boti siku hizo alibaki alipo.

Baada ya mvua, upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na huja na joto. Februari Unguja hufika nyuzi joto 32 au 33 mchana, na usiku haupoi kiasi cha mtu wa nyanda za juu kulala bila feni. Kusi huanza Aprili, hukolea Juni hadi Agosti, kisha hulegea Septemba. Katika miezi hiyo hewa ni kavu na usiku huweza kushuka hadi nyuzi 22. Kwa familia inayosafiri na bibi, babu na watoto wadogo, miezi ya Juni hadi Septemba haina mpinzani. Watanzania wana bahati hapo, maana likizo ya Juni inaingia vizuri. Wakenya wana Agosti. Kwa anayetaka maji matulivu na meupe ya kupiga mbizi, kipindi cha tanga mbili, Oktoba na Novemba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijashika, ndicho cha kuchagua, pamoja na Februari na siku za mwanzo za Machi. Papa potwe wa Mafia, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Anayekwenda Mafia Julai kwa ajili yake atarudi na hadithi za watu wengine.

Kusi ina upande wake mwingine, nao ni mzito. Meli ya MV Skagit ilizama Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, upepo ukiwa mkali. Miezi 10 kabla yake, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Boti za kasi za leo ni vyombo vingine kabisa, na safari ya Dar hadi Unguja ni ya saa mbili hivi. Bahari, lakini, ni ileile. Msafiri wa Juni hadi Agosti achague boti ya kwanza ya asubuhi, kwa kuwa mara nyingi upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Akae chini na katikati au nyuma, ambako chombo hakirushi sana. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda. Ikinywewa baada ya tumbo kuanza kuchafuka inakuwa imechelewa. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja urefu wa mawimbi na kutoa tahadhari ya upepo mkali, na kuisoma hakuhitaji dakika mbili. Chombo kikionekana kimezidisha watu, tiketi iachwe iungue. Fedha hutafutwa tena.

Jambo la mwisho kuhusu kuvuka: boti ya kurudi isipangwe siku moja na ndege au treni. Wapo watu kila msimu wanaokata boti ya jioni ili wawahi ndege ya usiku, upepo ukaahirisha safari, na tiketi mbili zikapotea kwa mkupuo. Siku moja ya akiba Dar es Salaam, hata kwa ndugu, ni nafuu kuliko tiketi mpya.

Lakini kiini cha likizo ya pwani ni maji yenyewe, na hapo ndipo panapostahili kutulia.

Pwani hii bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50, hivyo ufukwe uliojaa saa tatu asubuhi leo hautajaa saa hiyohiyo baada ya siku nne. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na Unguja tofauti ya juu na chini hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na bahari haiendi mbali. Wavuvi hawahitaji simu kuyajua haya. Wanajua pia kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Hilo hujirudia kila mwezi. Kwa hiyo familia inayofika Jambiani mwezi ukiwa wa siku 15 ijue kabisa kwamba asubuhi hakuna kuogelea. Asubuhi ni ya kutembea kwenye mwamba, na kuogelea ni kuanzia saa nane mchana hadi magharibi. Ikifika mwezi wa siku saba au nane, mambo hugeuka: maji yapo asubuhi, ingawa hayajai kwa nguvu.

Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, ile inayogawiwa madukani mwishoni mwa mwaka, inatosha kumpa mtu picha hii miezi sita kabla. Tarehe 14 hadi 17 na 29 hadi 2 ni bamvua. Saa kamili zipo kwenye jedwali la maji, na majedwali hayo hupatikana bure kwenye intaneti kwa bandari za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa.

Mahali pia pana uzito wake. Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, kuna mwamba unaokinga mawimbi makubwa, na ndani ya mwamba maji ni ya kina kifupi. Yakipwa, yanaweza kurudi nyuma kilomita nzima au zaidi. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufukwe unashuka haraka na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Familia yenye watoto wanaotaka maji asubuhi hadi jioni iende kaskazini, ivumilie wingi wa watu na bei. Anayependa utulivu na upana aende mashariki akijua ratiba. Kumpeleka mtu asiyejua lolote Paje siku ya bamvua, kisha kumwambia ufukwe ni mzuri, ni kumkosea.

Na ufukwe wa mashariki maji yakipwa una uzuri ambao wageni wengi wanaupita bila kuuona, wakati mwingine wanaukanyaga. Saa hizo wanawake wa Paje na Jambiani wanatoka na magunia kwenda kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Vijiti vimekitwa mchangani kwa mistari, kamba imevutwa kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba kumefungwa vishada vya mwani kwa vikamba vidogo, kimoja kimoja, kwa mkono. Mama anakaa majini hadi kiunoni, mgongo umeinama, anakata, anafunga mbegu mpya, anasogea hatua moja. Jua liko juu ya kichwa chake kwa saa kadhaa. Mtalii anakuja kutoka hotelini na simu, anavuka katikati ya mistari ili apate picha nzuri, mguu unanasa, kamba inakatika. Kamba ile ni shamba la mtu. Kinachotakiwa ni kupita pembeni, kuamkia, na kuomba kabla ya kupiga picha. Na mtu wa bara anayejua kusema shikamoo hana udhuru wa kutofanya hivyo. Mara nyingi akisalimia vizuri ataitwa na kuonyeshwa.

Miguu nayo ivikwe. Mwamba una ncha, na madimbwi yana wale wanyama weusi wa miiba ambao mwiba wao ukikatikia kwenye unyayo huharibu siku tatu za likizo. Raba za zamani au yeboyebo zinatosha. Kwa upande wa usalama wa watoto, lazima isemwe bila kuzunguka: fukwe nyingi za ukanda huu hazina mtu wa kuokoa anayelipwa kusimama pale. Watoto wengi wa bara hawajui kuogelea. Maji yanapoanza kujaa huingia kupitia mikondo, na mtoto aliyekuwa anacheza kwenye mchanga mkavu hujikuta amezungukwa. Mtu mzima mmoja, asiye na simu mkononi wala kinywaji, awe na zamu ya kutazama watoto, na zamu ibadilishwe kila nusu saa. Hili lina thamani kuliko hoteli yoyote ya nyota tano.

Visiwa vya mchanga hufuata sheria ileile. Nakupenda, karibu na Mji Mkongwe, na Maziwe, mbele ya Pangani, hujitokeza maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Nahodha aulizwe mambo matatu kabla ya kulipwa: saa ya kutoka, saa ya kurudi, na maboya ya kujiokoa ni mangapi. Ajibuye swali la tatu kwa kusema bahari leo ni shwari, apewe asante, atafutwe mwingine.

Kalenda ya mwezi inaamua pia maisha ya nchi kavu. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii imo Februari na Machi, wakati wa joto kali na hali nzuri ya bahari. Zanzibar, Lamu na miji mingi ya pwani, migahawa ya mitaani hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea watu waliofunga. Hotelini chakula kipo. Asiyefunga na anayepanga kula kwa mama lishe kila siku achague mwezi mwingine, au apange mchana wake ndani. Lakini jioni za Ramadhani pwani ni za kipekee: harufu ya kaimati na sambusa kabla ya magharibi, mitaa inayoamka usiku, misikiti iliyojaa. Kwa mgeni mwenye adabu ni mwezi wa kualikwa. Mkesha wa Idi boti za kwenda Unguja na Pemba hujaa watu wanaorudi kwao, na asiye na tiketi mapema asitegemee miujiza. Vivyo hivyo Februari kukiwa na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, vyumba vya Mji Mkongwe huwa adimu. Julai kuna sherehe za Mwaka Kogwa huko Makunduchi, na hizo mtu wa bara akizikuta asiziache.

Sasa fedha. Hapa mwenyeji ana haki ambazo hazitumii. Hoteli nyingi zina bei ya mkazi, boti pia, na hifadhi za taifa pia: raia hulipa kwa shilingi kiasi kidogo kuliko anacholipa mtalii wa nje kwa dola. Bei hiyo mara nyingi haiandikwi kwenye mitandao ya kukata vyumba. Hupatikana kwa kupiga simu hotelini moja kwa moja, na kwa kuonyesha kitambulisho. Aidha, tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa kwa bei ya fedha za kigeni. Anayetajiwa dola aombe bei kwa shilingi, kwa upole na bila kuona haya. Maswali mengine yaulizwe kabla ya kutuma malipo: kodi imo? Chakula ni asubuhi tu au na usiku? Mtoto wa miaka minane analipa nini? Usafiri kutoka bandarini umo? Boti ikiahirishwa, malipo ya awali yanarudi?

Malipo hayo ya awali yamewaumiza wengi. Ukurasa wenye picha nzuri, bei ya kushangaza, na namba ya simu ya mtu binafsi ya kutumia fedha: hayo matatu yakikutana, ni dalili ya utapeli. Biashara ya kweli ina namba ya malipo yenye jina la biashara, na jina hilo hutokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Simu ya video ya dakika moja, mtu wa mapokezi akionyesha chumba na ufukwe, humaliza shaka nyingi. Kwenye bandari ya Dar es Salaam tiketi ikatwe ofisini au mtandaoni, si kwa kijana anayekimbilia teksi. Mji Mkongwe kuna papasi, vijana wanaoongoza wageni bila kibali. Baadhi ni waungwana na wanaujua mji kuliko vitabu, lakini bei ikubaliwe kabla ya hatua ya kwanza. Kwenye vibanda vya chakula vya Forodhani jioni, kabla mishkaki haijawekwa motoni, iulizwe bei. Fedha taslimu zichukuliwe mjini, kwa sababu vijiji vya mashariki vina mashine chache. Daladala zipo kila upande, ile ya namba 116 ikienda Nungwi, na anayezitumia huokoa kiasi kikubwa kila siku.

Nyaraka huwakwamisha watu wa nje ya Tanzania zaidi. Mkenya au Mganda anayeingia Tanzania awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo kudungwa siku moja kabla ya safari hakusaidii, na tangu mwaka 2016 inahesabika kuwa ya maisha. Kuanzia Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kutoza wageni kutoka nje bima ya lazima ya dola 44. Kila familia iulizie hali yake kabla ya kufika dirishani. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019.

Afya ina jambo moja ambalo watu wa nyanda za juu hulipuuza kwa gharama kubwa. Mtu aliyekulia Nairobi, Arusha au Mbeya mjini hana kinga ya malaria aliyonayo mtu wa maeneo yenye mbu wengi. Zanzibar imepunguza malaria hadi chini ya asilimia moja ya watu, na hayo ni mafanikio makubwa, lakini pwani ya bara na visiwa vingine havijafika huko. Chandarua kitumike hata kama chumba kina kiyoyozi. Wajawazito na wenye watoto wadogo wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Vimelea huchukua wiki moja au zaidi kabla ya homa kuanza, hivyo ugonjwa mara nyingi hujitokeza mtu akiwa amerudi kazini na kusahau mbu. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya pwani ipimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe safari ilikuwa wapi. Dengi nayo ipo. Mbu wake huuma mchana, na mwenye dalili zake asinywe aspirini kabla ya kupimwa. Jua la saa tano hadi saa tisa linaunguza ngozi nyeusi pia, na anayesema ngozi yetu haiungui hajakaa kwenye boti bila kivuli. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko kawaida. Madafu ni ya ziada.

Kwa upande wa mahali, Unguja haina haja ya kutangazwa tena, na watu wangefanya vyema kutazama kwingine. Kilwa Kisiwani, iliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, ina magofu ya msikiti mkuu na historia ya mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331. Kibali hutolewa Kilwa Masoko na boti ni ya muda mfupi. Lamu, iliyoingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2001, ni mji wa kutembea kwa miguu. Mafia ina hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, ya mwaka 1995. Usafiri wa kufika pwani umebadilika pia: treni ya Nairobi hadi Mombasa ipo tangu 2017, ya Dodoma hadi Dar es Salaam ilizinduliwa rasmi Agosti 2024, na barabara ya Dongo Kundu inampeleka msafiri Diani bila kupanga foleni Likoni. Tiketi za treni hizo za Desemba huisha mapema, jambo ambalo kila mwaka linawashangaza watu walewale.

Wenye hoteli nao wana wajibu wao. Jedwali la maji linachapishwa kwenye karatasi moja. Linaweza kubandikwa mapokezi na kutumwa kwa mteja pamoja na bei, likiambatana na picha mbili za ufukwe, moja maji yamejaa na moja yamepwa. Mteja atakayechagua tarehe akiwa na picha zote mbili hatalalamika, na atarudi. Hoteli chache hufanya hivyo. Zote za pwani zifanye. Mpaka siku hiyo, msafiri anayepiga simu kuulizia chumba cha Desemba au Juni aombe jedwali hilo kabla ya kutuma hata shilingi moja, na akiambiwa halipo, alitafute mwenyewe kwanza kisha ndipo alipe.